Namba za Tata

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Gesare alimpima babake. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, chai bado inachemka jikoni na redio ya jirani inasoma habari kwa Ekegusii. Babake, aliyemwita Tata kama watoto wengi wa Kigusii wanavyowaita baba zao, aliketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, akaulaza mkono wa kushoto juu ya meza na kunyamaza dakika tano, jinsi walivyoelekezwa kliniki. Gesare alimfunga kitambaa cha mashine ya presha juu ya kiwiko na kubonyeza kitufe. Mashine ilinguruma, ikakaza, ikalegea polepole.

Baada ya presha walipima sukari. Gesare alimdunga kwenye ncha ya kidole kwa sindano ndogo, akagusisha tone la damu kwenye kijiti, akangoja kifaa kihesabu. Kisha alifungua daftari lenye jalada la buluu na kuandika tarehe, presha na sukari, kwa mwandiko ule ambao mwalimu wake wa Gredi ya Saba aliusifu mbele ya darasa.

Kazi hiyo alipewa yeye kwa sababu alipenda somo la sayansi na hakuogopa damu. Zaidi ya hayo, macho ya Tata hayakusoma tena maandishi madogo, na miwani yake aliiacha mara kwa mara ofisini kwake mjini Nyamira, alikokuwa karani wa serikali ya kaunti. Basi kila asubuhi, mashine ikinyamaza, Tata aliuliza neno lile lile.

"Inasemaje?"

Naye Gesare alimsomea.

Tata, ambaye watu wengine walimwita Bwana Onsongo, alikuwa na presha kwa miaka minne. Mwezi wa Januari daktari aligundua kwamba sukari nayo imeanza kupanda. Alimpa dawa zaidi, akamwambia apimwe nyumbani kila siku na kuleta daftari kliniki, ili ajue kama dawa zinatosha au ziongezwe. Mambo yaliendelea hivyo kwa miezi miwili. Namba zilipanda kidogo, zikashuka kidogo, na Gesare aliziandika bila kufikiri sana.

Mwezi wa Machi baba mkubwa Haron alifariki.

Haron alikuwa kaka mkubwa wa Tata, mkulima wa majani chai huko Birongo. Ijumaa moja alianguka katikati ya mistari ya michai, kikapu kikiwa bado mgongoni. Waliomfikia walisema upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea na maneno hayatoki. Kilikuwa kiharusi. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Kwenye mazishi Gesare hakulia. Binamu zake walilia mpaka wakashikwa mikono, na Mama alilia, na hata Tata aligeuka akajipangusa uso kwa leso. Gesare alisimama akihesabu misumari ya jeneza. Alijaribu kulia akashindwa. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaugusa, lakini hausikii kitu.

Waliporudi nyumbani ganzi ile haikuondoka. Alikula akiwekewa chakula, alijibu akiulizwa swali. Nyumba nzima ilikuwa imetulia hivyo. Mama yake, Tryphosa, aliyeshona sare za shule katika kibanda chake sokoni, alizoea kuimba nyimbo za kanisani akipika. Sasa alipika kimya. Na kila Tata alipokaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, Mama alikuja kusimama mlangoni, taulo begani, akingoja namba.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Aprili mashine iliandika mia moja sabini na moja kwa mia moja na nne.

"Inasemaje?" Tata aliuliza. Hakumtazama Gesare. Alitazama ukutani, ilipotundikwa picha yake na Haron wakiwa vijana.

Gesare aliangalia namba zile, akamwangalia Mama mlangoni. Mkono wa Mama ulikuwa umelishika taulo kwa nguvu.

"Mia moja thelathini na nne kwa themanini na tano," alisema.

Tata alishusha pumzi. Mama alirudi jikoni, na muda si muda harufu ya mandazi ikaja sebuleni. Hakuna kilichotokea. Gesare alikuwa amedhani ulimi wake utakuwa mzito, lakini ulikuwa mwepesi. Aliandika namba ile ya uongo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, akaenda kuvaa.

Kesho yake alifanya vivyo hivyo. Sukari ilipokuja kumi na moja nukta nne, alisema sita nukta mbili. Baada ya wiki moja hakuwa tena na haja ya kufikiri. Aliangalia kioo cha mashine, akachagua namba nyingine iliyo nzuri, akabadilishabadilisha kidogo ili zisifanane sana. Hakuona raha kwa jambo hilo wala hakuona haya. Alifanya tu, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Likizo ya Aprili ilipokaribia kwisha, Tata alienda naye kliniki. Daktari wa presha na sukari aliitwa Zilpa Aketch, mama mwembamba kutoka upande wa Homa Bay, aliyezungumza Kiswahili na wagonjwa wote na kuwaita wazee kwa heshima. Alimpima Tata, akakunja uso.

"Bwana Onsongo, hapa kwangu presha iko juu. Mia moja sitini na tisa. Nyumbani ikoje?"

Tata alimwonyesha daftari. Daktari aliligeuza ukurasa baada ya ukurasa, na ule mkunjo wa uso ukaondoka.

"Hizi ni nzuri. Wapo watu ambao wakiona koti jeupe tu presha inaruka. Ndiyo maana ninaamini zaidi namba za nyumbani." Alimgeukia Gesare. "Ni wewe unayeandika?"

"Ni mimi, Daktari."

"Mwandiko safi. Wewe ndiwe macho yangu kule nyumbani. Una swali lolote?"

Gesare hakuwa na swali, lakini kukaa kimya kulionekana vibaya, basi aliuliza lile lililokuja kwanza. "Kwa nini aliyekuwa na presha tu akapata na sukari? Mwalimu alitufundisha kwamba presha ni mambo ya moyo na mishipa, na sukari ni mambo ya kongosho."

Daktari Zilpa aliweka kalamu chini. Ilionekana swali hilo limempendeza.

"Watu hudhani moyo ni pampu tu," alisema. "Lakini moyo pia hutengeneza homoni. Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Damu ikiwa nyingi na presha ikipanda, kuta za moyo huvutika. Zikivutika, moyo hutoa homoni zake. Zikifika kwenye figo zinasema, toeni chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Zikifika kwenye mishipa zinasema, legeeni. Ndivyo presha inavyoshushwa."

"Na sukari?"

"Subiri. Wachunguzi wamegundua kwamba homoni hizo hizo hufika pia kwenye mafuta na misuli, na inaonekana zinausaidia mwili kuitii insulini. Insulini ndiyo ile inayotoka kwenye kongosho na kuifungulia sukari mlango iingie kwenye seli, itumike kama nguvu. Sasa, baadhi ya watu wenye presha, hasa wakiongeza uzito wa tumbo, miili yao haina homoni za moyo za kutosha. Chumvi na maji vinabaki, presha inakaa juu. Na insulini nayo haisikilizwi vizuri. Kongosho inaongeza insulini, inaongeza, mpaka inachoka. Hapo sukari inabaki kwenye damu."

"Kwa hiyo ni moyo ndio unaoleta sukari?"

"Sijasema hivyo. Ni sababu moja kati ya nyingi, na bado inachunguzwa. Ninachojua kwa hakika ni kwamba presha na sukari hupenda kukaa nyumba moja. Ndiyo maana nataka namba zote mbili, kila siku. Namba zikipanda nitaongeza dawa. Zikiwa kama hizi, sitaongeza, kwa sababu dawa nyingi bila sababu nazo zina madhara."

Akaandika kwenye kadi: dawa zibaki zilivyo.

Gesare alisikia maneno yote na kuyaelewa. Angeweza kuyaandika kwenye mtihani na kupata alama zote. Lakini yalipita kando yake. Walipotoka nje Tata alimnunulia maziwa lala ya pakiti, akamwambia, "Umenisaidia sana." Gesare alisema asante, akanywa.

Mwezi wa Juni Tata alianza kubadilika. Alikunywa maji jagi zima kwa mara moja na bado akalalamikia kiu. Aliamka mara nyingi kwenda choo, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Suruali zikawa zinamlegea kiunoni. Watu kanisani walimsifu kwamba amepungua, naye akafurahi. Gesare alijua kwamba kupungua kule hakukuwa kuzuri, kwa sababu namba alizoziona kwenye kifaa cha sukari zilikuwa kumi na tatu, kumi na tano, kumi na sita. Kwenye daftari zilikuwa sita na saba. Aliwaza kwamba angesema, ila kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana angeulizwa ameanza lini.

Jumatatu moja ya Julai Tata alirudi kutoka kazini, akaketi na kuvua viatu. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa na damu iliyokauka kisiginoni. Mama alipiga magoti, akaivua taratibu. Pini ya kubania karatasi, ya aina ile ya ofisini, ilikuwa imezama kwenye nyama mpaka kichwa.

"Umetembea na hii tangu lini?" Mama aliuliza.

"Sijui," Tata alisema. Aliutazama mguu wake kama wa mtu mwingine. "Sikusikia kitu. Kweli, Tryphosa, sikusikia kitu."

Gesare alikuwa amesimama na beseni la maji. Alilitazama tundu lile jekundu, pembeni yake kukiwa kumeanza kuvimba na kubadilika rangi. Aliliweka beseni chini, akaenda kumletea Mama kitambaa safi.

Hospitalini walikiosha kidonda na kukifunga. Daktari Zilpa hakupenda alichokiona. Alitoa damu kwa ajili ya kipimo kingine, kile kinachoonyesha sukari imekuwa kiasi gani kwa miezi mitatu iliyopita kwa jumla. Majibu yalitoka siku mbili baadaye, naye akampigia Tata simu. Kipimo kilisema asilimia kumi nukta moja, na kilitakiwa kiwe chini ya asilimia saba.

"Daftari linasema hivi na damu inasema vile," alimwambia. "Alhamisi ijayo mje na mashine zote mbili. Na huyo binti anayeandika, mje naye."

Mama hakungoja Alhamisi. Mashine zile zilinunuliwa kwa Bwana Ojwang, mwenye duka la dawa karibu na soko, na Mama akaamini kwamba ameuziwa mashine mbovu. Alienda moja kwa moja dukani na kumwambia hivyo wateja wakisikia. Bwana Ojwang alimwomba alete mashine azikague, naye akajibu kwamba mume wake karibu apoteze mguu, hana haja ya ukaguzi wake. Maneno hayo yalizunguka soko lote kabla ya jua kutua.

Binti wa Bwana Ojwang aliitwa Natasha, na alikaa dawati moja na Gesare. Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, hakutoka nje kucheza.

"Mamako alisema babangu anauza vitu feki," alisema Natasha.

"Sikuwepo."

"Watu watatu wamerudisha mashine zao. Mmoja alimwambia baba arudi kwao ziwani, kwa Wajaluo wenzake, na biashara yake ya wizi. Baba hakumjibu." Natasha alikuwa akichora mistari kwenye kifutio kwa kalamu. "Gesare, wewe ndiwe unayeitumia. Ni mbovu kweli?"

Gesare alijua jibu, ni neno moja tu.

"Sijui," alisema.

Natasha alichukua vitabu vyake akaenda kukaa dawati la nyuma.

Alhamisi walifika kliniki wote watatu, Tata akichechemea kwa kandambili pana. Daktari Zilpa alimfunga Tata mashine ya hospitali, akaandika namba. Kisha akamfunga ile ya nyumbani. Namba zilikaribiana sana. Akapima sukari kwa kifaa cha hospitali na kwa kile cha nyumbani, hali ikawa ile ile.

"Mashine ni nzima," alisema. "Zote mbili."

Mama aliinamisha kichwa, bila shaka akilikumbuka duka la Bwana Ojwang. Kisha akainua uso na kumgeukia mumewe.

"Basi unakula nini kazini?"

"Sili kitu. Nabeba chakula unachonifungia."

"Asubuhi unapimwa uko sawa, na damu inasema hauko sawa. Kuna kitu unakula mchana ukijua mimi sioni. Soda? Keki za ofisini?"

"Tryphosa, nimesema sili kitu."

"Ulisema pia mguu hauna shida."

Tata alimtazama daktari, kisha akatazama mguu wake uliofungwa bandeji, na kwa mara ya kwanza Gesare aliuona uso wa babake ukiwa na shaka, kana kwamba hata yeye ameanza kujiuliza kama amekula kitu akasahau.

"Ni mimi," Gesare alisema.

Wote walimgeukia.

"Namba za kwenye daftari si za kweli. Nilikuwa naona nyingine na kuandika nyingine. Hata nikiulizwa nasema nyingine. Tangu Aprili. Tata hajala kitu, na mashine ya Bwana Ojwang haina kosa."

Hakuna aliyepaza sauti. Mama alishika ukingo wa meza. Tata alisema polepole, "Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa nini, mwanangu?"

Gesare alikuwa amejiuliza hilo mara nyingi. "Namba ikiwa nzuri Mama anapika mandazi," alisema hatimaye. "Ikiwa mbaya mnanyamaza kama siku ile ya baba mkubwa. Nilitaka iwe nzuri."

Daktari Zilpa aliivuta mashine ya presha karibu yake. Alibonyeza kitufe kidogo cha pembeni, ambacho Gesare hakuwahi kukigusa, na namba ya jana ikatokea kwenye kioo. Akabonyeza tena, ikaja ya juzi.

"Mashine hizi huhifadhi vipimo vya nyuma," alisema. "Na cha sukari vilevile. Ningevitafuta mwenyewe leo, na ningevipata. Lakini ni afadhali umesema wewe." Alimpa Gesare kalamu nyekundu. "Kaa hapo. Nitakusomea, nawe utaandika kila namba ya kweli kando ya ile uliyoiandika."

Iliwachukua karibu saa moja. Daktari alisoma kwa sauti tulivu, na Gesare aliandika. Mia moja sabini na mbili. Mia moja themanini na moja. Kumi na tano nukta tatu. Tata na Mama walikaa wakizisikiliza zote. Walipomaliza, kurasa zilikuwa zimejaa wekundu, na Gesare hakuweza tena kujiambia kwamba ni jambo dogo.

"Kule Aprili ningeongeza dawa," Daktari alisema. "Sikuongeza kwa sababu ya daftari hili. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu neva za miguu. Mtu anachomwa na pini asihisi. Huenda neva zake zilikuwa zimeanza kuharibika mapema, siwezi kusema zote ni za miezi hii mitatu. Ila miezi hii mitatu tumeipoteza." Alimgeukia Tata. "Tutaongeza dawa ya presha, na kwa sasa utadungwa insulini kila jioni, mpaka sukari ishuke na kidonda kipone. Chumvi ipungue, chai iwe bila sukari, na mguu ukipona, kutembea kila siku. Miwani usiiache tena ofisini. Kioo utakisoma mwenyewe."

"Nitakisoma," Tata alisema. "Mtoto nilimbebesha mzigo wangu, nikakaa nikitazama ukuta."

Kutoka kliniki Mama hakuelekea nyumbani. Alimshika Gesare mkono wakaenda mpaka duka la dawa la Bwana Ojwang. Kulikuwa na wateja wanne. Gesare alieleza alichofanya, sauti yake ikiwa ndogo, na Mama akaomba radhi.

Bwana Ojwang alisikiliza akiwa ameegemea kaunta. "Nimekubali, Mama Gesare," alisema. "Nina ombi moja tu. Siku ile uliyasema kwa sauti kubwa, mpaka wauza ndizi wakasikia. Haya nayo yaseme hivyo hivyo."

Mama aligeuka, akasimama mlangoni pale penye soko, akayasema upya kwa sauti ile ile. Uso wake ulikuwa unawaka kwa aibu. Wauza ndizi waliacha kupanga mikungu wakasikiliza mpaka mwisho. Natasha alichukua wiki mbili kurudi kwenye dawati lao, na aliporudi hakusema kitu, aliweka tu mkoba wake mahali pake.

Namba za Tata zilishuka polepole. Hazikushuka kila siku. Siku nyingine zilipanda, naye alizisoma mwenyewe kwa miwani, Gesare akaandika, Mama akasema, "Haya, leo tutembee mpaka kule kanisani na kurudi," wakaenda wote. Kidonda kilifunga katikati ya Agosti, ingawa vidole viwili vya mguu ule havikurudisha hisia. Jioni Gesare alivikagua kwa tochi kuona kama kuna mchubuko, kwa sababu Tata mwenyewe hangejua.

Likizo hiyo ya Agosti walienda Birongo kumwona Mama Eucabeth, mjane wa Haron. Walimkuta akichambua maharagwe uani. Baada ya kula, Tata alimweleza yote, mambo ya mguu na ya daftari, bila kumficha Gesare wala kumdhalilisha. Gesare alikaa akitazama chini.

Mama Eucabeth aliingia ndani, akatoka na koti la mumewe, lile la kijivu alilovaa siku za soko. Kutoka mfuko wa ndani alitoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne.

"Niliipata nilipokuwa nafua," alisema. "Isome, Gesare."

Gesare aliikunjua. Kulikuwa na safu ya namba, kila moja juu kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ilikuwa mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na sita, siku nane kabla ya ile Ijumaa.

"Alijua?" Tata aliuliza.

"Alijua. Kila alipotoka kliniki nilimuuliza, naye alisema, daktari amesema mimi ni mzima kabisa. Hakutaka niogope." Mama Eucabeth alilikunja koti, akaliweka magotini. "Nami sikuogopa. Nilimpikia kwa chumvi kama kawaida. Nilimwacha abebe kikapu. Kama angeniambia ningeogopa sana, ni kweli, lakini ningempeleka hospitali hata kwa kumsukuma kwa toroli. Hakunipa nafasi."

Gesare alizisoma namba zile mara ya pili. Alijaribu kuzuia kilio, hakikuzuilika. Alilia akiwa ameishika kadi kwa mikono yote miwili, alilia kwa sauti kama binamu zake walivyolia Machi, na aliumia kila mahali, tumbo, koo, macho. Mama Eucabeth alimvuta akamweka kifuani pake.

Tata alingoja mpaka kilio kikapungua. Kisha alisogea, akaketi kando yao juu ya gunia.

"Kaka yangu alitupenda, ndiyo maana alituficha," alisema. "Nawe ulinificha kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo siwezi kukuita mtoto mbaya. Lakini uongo unaosemwa kwa mapenzi unafanya kazi ile ile ya uongo mwingine. Unamnyima mtu nafasi ya kujisaidia. Kuanzia leo, katika nyumba yetu, jambo likiwa baya litasemwa jinsi lilivyo, na siku hiyo hiyo. Tukiogopa, tutaogopa pamoja, halafu tutaamka tutafute dawa."